Kimo cha Wangila

Tangu saa mbili asubuhi Bramwel alikuwa ameshika panga, na mpaka saa sita hajakata kitu.

Shina la mgomba lilikuwa limelala kando ya shimo, pale bomani kwao Bokoli. Lingezikwa badala ya mwili wa babu yake, Wangila, aliyechukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma akafia huko. Kwa miaka themanini ukoo haukujua kaburi lake, kwa hiyo hakuombolezwa. Na kwa kuwa hakuombolezwa, hakuna aliyethubutu kumpa mtoto jina lake. Mwezi uliopita Linet, mkazamwana wa Bramwel, alipata picha ya jiwe la kaburi lake huko Burma kwenye simu: jina, namba, tarehe.

Shangazi Nasimiyu, binti wa marehemu, alizaliwa baba ameshaondoka. Alisema mtoto mchanga wa Linet asipewe jina lolote mpaka babu azikwe nyumbani. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari wa Bungoma hakumficha. Alitaka kusikia jina la baba yake likiitwa uani kabla hajafumba macho.

Basi Bramwel akafunga kibanda chake cha kuchomelea vyuma Tuwan, kule Kitale, akaja. Na sasa wazee walikuwa wanabishana. Shina lazima likatwe kwa kimo cha marehemu, na hakuna aliye hai aliyewahi kumwona.

"Alikuwa mrefu," alisema Noah, baba yake mdogo. "Mwingereza hakuchukua wafupi."

"Ulimwona wapi, baba mdogo? Si ulizaliwa hamsini na tano?"

"Baba yangu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Na mimi ni mrefu."

"Ati mrefu!" mzee mmoja aliguta. "Ukivua hiyo kofia unalingana na mbuzi, bana!"

Wakacheka, kisha wakaanza upya. Bramwel alitamani kulitupa panga shimoni. Mawingu yalikuwa yameshafunika mlima Elgon, na shimo likijaa maji watabishana kuhusu maji.

"Nakata hapa!" alisema.

"Ukikosea, unazika mtu mwingine," Noah akamwambia. "Na jina litakuwa la huyo mtu mwingine."

Shangazi Nasimiyu alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Akapiga mkongojo chini.

"Mama alikuwa akimtazama huyu Bramwel akitembea, analia. Alisema miguu ni ya Wangila, mabega ya Wangila, hata kiburi. Mpimeni huyo."

"Shangazi, si nisimame tu?"

"Maiti husimama? Lala."

Bramwel, mtu mzima mwenye mjukuu, akalala kwenye majani mabichi kando ya mgomba. Siafu mmoja akamwingia shingoni. Juu yake wazee wakaanza kubishana kama viatu vihesabiwe.

"Vua viatu," akaamua shangazi.

Akavua. Noah akatia alama kwa kisu penye utosi wake, na shina likakatwa. Kipande kilichokatwa kilikuwa shubiri moja tu.

Walipolishusha shimoni, Bramwel alikuwa bado amelala. Hakujua kwa nini hakuinuka. Alimsikia shangazi akimwita Linet alete mtoto, kisha sauti yake kavu:

"Wangila. Wangila wa baba. Karibu nyumbani."

Mtoto akapiga chafya. Shangazi akacheka mpaka akakohoa, kisha akamgusa Bramwel mbavuni kwa mkongojo.

"Wewe inuka ufukie. Zamu yako bado."