Povu Chini ya Mlango

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Kazini wananiita Dada Chuma, na si kwa sababu ya eskaveta ninayoiendesha. Lakini siku ile hata hasira ilichelewa kufika. Ilinikuta nimeshaduwaa.

Reli mpya ya mjini ilikuwa inachepuka kutoka stesheni kuu, inapita nyuma ya viwanda, inakuja kuishia mtaani kwetu. Kituo cha mwisho. Na mwisho wenyewe, pale treni itakaposimama isiwe tena na pa kwenda, ulikuwa chumbani kwa mama yangu. Nyumba tulishaikabidhi, mama alishahamia kwangu, na mimi ndiye niliyemwomba msimamizi anipe kazi ya kuivunja. Watu walinishangaa. Nikawaambia afadhali mimi kuliko mtu baki atakayeibomoa huku anatafuna muwa.

Sheria pale kazini ni moja: hakuna nyumba inayoguswa bila tiki. Mkaguzi anaingia chumba kwa chumba, anaita "Kuna mtu?", anachungulia hadi chooni, kisha anapaka tiki nyeupe mlangoni. Nikiiona tiki, nashusha kijiko cha mashine. Mkaguzi wetu alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama, mwanamume mzima wa maneno matamu na mashati ya kupiga pasi. Kazi nilimtafutia mimi mwenyewe.

Asubuhi hiyo, wakati navaa buti, mama aliniaga kwamba anakwenda dukani kununua sabuni. Nikamwambia sabuni imejaa kabatini.

"Hiyo yako ya kunawia mikono," akasema, "haitoi uchafu."

Nikacheka, nikaondoka. Mama akishakazania jambo, kubishana naye ni kujichosha bure. Halafu masikio yake siku hizi yamezeeka, nusu ya ubishi wako haimfikii.

Nyumba yetu ilipangiwa kesho yake. Ila ya jirani iliisha mapema, msimamizi akaninyooshea kidole: endelea na hiyo. Nikaangalia mlangoni, tiki ipo, rangi bado inang'aa. Nikaanza na jiko la nje. Lilianguka kwa pigo moja, vumbi tele. Nikasogeza mashine hadi usawa wa dirisha la chumbani kwa mama, nikainua kijiko kuelekea paa.

Hapo ndipo nilipoona maji. Yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa nyuma wa chumba hicho, taratibu, yanashuka kizingiti. Mtaa mzima maji yalikatwa tangu mama alipohama. Nikadhani ni bomba limepasuka, mkono wangu bado uko kwenye wenzo wa kijiko. Kisha nikaona povu.

Bomba halitoi povu.

Nilizima injini. Sijui nilishukaje. Najua tu kwamba mdogo wangu alikuwa anakuja mbio akiuliza kama mashine imekufa. Nikausukuma mlango.

Mama alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba chake kitupu, nguo kaipandisha magotini, anapiga deki. Nyuma yake, dirishani, kijiko cha mashine yangu kilikuwa kinaning'inia, kimeziba mwanga. Aliinua uso, akatazama buti zangu.

"Hapo nimeshapiga deki," akasema. "Pita pembeni."

"Mama, unafanya nini humu?" Niliipaza sauti ili anisikie, nayo ikatoka kama ya mtoto.

"Nyumba haikabidhiwi chafu. Mlinihamisha mbiombio, hata kufagia hamkufagia. Maji nimenunua ya mkokoteni."

"Inavunjwa, mama. Leo. Sasa hivi."

"Kuvunja ni kazi yenu. Mimi nafanya yangu." Akakamua tambara. Ngurumo za mashine alishazizoea, hata jiko lilipoanguka alidhani bado tuko kwa jirani.

Ndipo hasira ikafika. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamkamata shati lake la pasi. "Tiki umepaka. Uliingia?"

Macho yalimtoka pima. "Dada, hapa ni kwetu. Kitanda cha mwisho nimekibeba mimi. Ningemtafuta nani?"

"Nakuuliza, uliingia?"

Akatikisa kichwa. Nilitaka kumzaba kofi, na mkono niliuinua. Ni mkono uleule uliokuwa kwenye wenzo. Nikaushusha, nikachuchumaa karibu na mama.

Mama hakuwa amesikia hata neno. Alikuwa anamtazama mwanawe, anatabasamu.

"Nilikuona asubuhi," akamwambia. "Nilikuona dirishani na kopo lako la rangi. Nikasema afadhali, ataingia sasa hivi anisaidie kumwaga maji machafu, maana mgongo unaniuma. Nikakungoja wee. Kumbe ulikuwa na haraka zako."

Aliyasema bila kinyongo chochote, kama anavyomwambia mtu aliyechelewa chakula. Mdogo wangu akavua viatu. Akainua ndoo, nusu ikamwagika kabla hajafika mlangoni, akaiweka chini. Halafu akaanza kuingia chumba kwa chumba, miguu mitupu: kilichokuwa changu, kilichokuwa chake, stoo, bafuni. Kila mlango anagonga, kila chumba anaita, "Kuna mtu?" Sauti inamkatika. Anatoka, anarudi kulekule alikotoka, anaita upya.

Safari hii mama alisikia. Akanyanyuka kwa kunishika bega, akasikiliza kidogo, akaniuliza polepole, "Anamtafuta nani?"