Rafu ya Marehemu

Walimwita Mgomo, na jina hilo hakulipata bure. Kiwandani, enzi zile akifunga vizibo vya chupa, ndiye aliyepanda juu ya kreti akawaambia wenzake mashine isiguswe mpaka meneja atoke ofisini aseme nao. Rangi ya kreti ile anaikumbuka mpaka leo, na nyuso za wote walioinamisha vichwa meneja alipotoka kweli. Mgomo hasahau. Mnyime chumvi leo, atakukumbusha siku utakayomwomba maji.

Basi mtu wa namna hiyo akaenda kuoa mjane.

Mjane mwenyewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache, mwenye nyumba ndogo aliyoachiwa na mume wa kwanza. Yule wa kwanza alikuwa seremala. Mgomo aliingia na begi na redio, akasema kitanda kinunuliwe kipya, kikanunuliwa. Akadhani yamekwisha. Hakuifikiria stoo.

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, kijichumba cha kuingia mtu mmoja na mawazo yake, na ndani yake rafu za mbao mpaka karibu na dari. Sufuria kubwa iko wapi? "Rafu ya marehemu." Balbu? "Angalia rafu ya marehemu, upande wa kulia." Asubuhi marehemu, jioni marehemu. Mke alilisema neno lile kama mtu anavyosema mlango au dirisha, bila kuwaza, na hilo ndilo lililomkereketa Mgomo zaidi. Meneja unaweza kumgomea. Maiti utamgomea vipi? Hakoromi, hachelewi kurudi, hatupi soksi chini ya kiti, na kila mwaka unaopita anazidi kuwa mwema.

Juu ya hayo, mama mkwe. Alikaa mtaa wa pili, na kila Jumamosi alikuja kunywa chai na kumpiga vijembe.

"Rafu ile, mwanangu," humwambia Mgomo, "mpandishe ng'ombe juu yake, haitetereki. Yule alikuwa mwanamume mwenye mikono."

Mgomo alitazama mikono yake mwenyewe, akanywa chai ikiwa bado ya moto, ikamuunguza.

Siku moja akatangaza. "Stoo naivunja."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Imekukosea nini?"

"Inakula nafasi. Mende wamejenga mle, wana mpaka wajukuu. Nitaitengeneza upya, mimi mwenyewe."

"Wewe?"

"Kwani seremala huzaliwa na nyundo mkononi?"

"Sijasema kitu," mke akasema, akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa masufuria, madebe ya rangi na mafurushi ya vitambaa, huwezi kupita bila kuruka. Mgomo alikuwa amenunua mbao, skrubu, na pimamaji yenye kiputo cha hewa kinachocheza katikati ya kioo. Akachomeka patasi nyuma ya ubao wa kwanza, akakandamiza. Ukalia, ukagoma kidogo, ukatoka.

Alichokiona nyuma yake kilimfurahisha kuliko mshahara. Misumari imepinda kama minyoo. Mmoja umepigwa ukakosa, ukapigwa tena, ukalazwa ubavu. Mbao zimechanika miisho. Na chini ya rafu ya katikati, ili ikae sawa, kulikuwa kumesokomezwa kitambaa kilichokunjwa vizuri na kushonwa kingo zake kisifumuke. Mtu mwingine angekiangalia mara mbili kitambaa kile. Mgomo hakukiangalia hata mara moja nzuri, maana wivu una macho lakini unayatumia vibaya.

"Njoo umwone bingwa wako," akaita. "Njoo umwone mwenye mikono."

Mkewe akaja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Tazama huu. Huu kaupiga mtu aliyefumba macho. Na huu hapa, sijui alikuwa amelewa? Ndiye huyu niliyetambiwa miaka yote? Hata mimi, wa chupa, singethubutu kupiga msumari kama huu nyumbani kwa adui."

"Umemaliza?"

"Bado. Na hapa..."

"Huo uliolala ubavu niliupiga mimi," mke akasema. "Nilikuwa juu ya ndoo. Mkono wa kulia umeshika ubao, nikapiga kwa kushoto."

Mgomo akabaki na patasi hewani. "Na marehemu?"

"Marehemu alikuwa akitengeneza makabati ya watu. Nilimwomba rafu mpaka mdomo ukachoka. Mfinyanzi hulia gaeni, hujasikia? Akasafiri kikazi, nikaokota mabaki ya mbao zake, nikapiga. Siku aliyorudi, mama alikuwa hapa. Kaiona rafu, kamsifu mbele yangu. Mume akanitazama, nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Mama alikuwa hampendi. Alisema nimeolewa na mtu wa maranda. Siku ile ndiyo alimpenda." Akaokota kile kitambaa, akakipangusa vumbi. "Nikaona rafu si kitu cha kugombea."

Hapo wivu ulipaswa kufa, si ndiyo? Adui kaonekana hakuwahi kuwa na silaha. Lakini haukufa, ulihama chumba tu. Mbao sasa hakuzionea wivu tena; alionea wivu ule uongo. Kwamba mwanamke huyu, asiyesema neno la ziada hata kwa mteja, aliwahi kumeza jasho lake mwenyewe ili mwanamume mwingine apendwe.

Wakajenga pamoja. Mgomo alikuwa ameshapiga alama ukutani kwa kimo chake. Mke akanyoosha mkono, vidole vikaishia chini ya mstari.

"Nitapandia shingo yako kila nikitaka sufuria? Shusha."

Akashusha. Akashika ubao na pimamaji, mke akakaza skrubu. Moja aliyojaribu Mgomo iliingia imeinama kama mlevi anayetafuta mlango; za mke ziliingia wima, kimya. Mgomo alipoinua mkono kufuta jasho alimwona mkewe anatabasamu peke yake, na akajiuliza kama ndivyo alivyotabasamu siku ile juu ya ndoo.

Mama mkwe alifika rangi ikiwa haijakauka. Akaingiza kichwa stoo, akabonyeza rafu kwa kiganja, akaegemea kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao.

"Nani kajenga hii?"

"Mume wangu," mke akajibu.

"Yupi?"

"Huyu aliye hai, mama."

Mama mkwe akageuka, akamtazama Mgomo kuanzia viatu kupanda juu. "Baba," akasema, na hilo hakuwahi kumwita, "kumbe nawe una mikono."

Kile alichokuwa akikitaka tangu siku ya begi na redio kilikuwa hicho, kimewekwa kiganjani mwake, na mke aliyekiweka alimnyamazia kama alivyomnyamazia yule wa kwanza. Alibakiza kufunga ngumi tu. Lakini Mgomo hasahau. Aliikumbuka mashine iliyokufa kiwandani, wakaifufua wao kwa waya na mafuta, kisha meneja akasimama mbele yake akapigwa picha. Picha ikatundikwa ukumbi wa chakula. Alikula chini ya picha ile mpaka walipomfukuza.

"Kajenga yeye," akasema. "Mimi nilishika ubao."

Mama mkwe akacheka. "Na unyenyekevu pia anao."

Angeishia hapo. Hata mwenye kudai haki huambiwa basi. Lakini ulimi ulishaanza safari.

"Na zile za zamani kajenga yeye vilevile. Marehemu hakupiga hata msumari mmoja."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akamtazama binti yake, aliyekuwa akifuta rangi kwenye vidole, kidole baada ya kidole.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Mama akaketi juu ya debe la rangi. "Sasa miaka yote hii nilikuwa nampenda nani?" akauliza. Akaondoka bila chai.

Mke akakusanya skrubu zilizobaki, akazitia kwenye kopo.

"Neno lako la kwanza lilikuwa la haki," akasema. "La pili lilikuwa la nini?"

Mgomo, aliyewahi kuwajibu mameneja mbele ya umati, alitafuta jibu hakuliona. Mpaka leo analitafuta.

Stoo ni nzuri. Kila kitu kina mahali pake, na mende wamehama na wajukuu wao. Sufuria kubwa iko wapi? "Kwenye rafu," mke hujibu. Ya nani, hasemi. Na Mgomo husimama kidogo mlangoni mwa stoo, akisubiri neno lililobaki, kisha huchukua sufuria.