Mukau, Ewoi na Mvua ya Kawalase

Simu ya Rael ilimkuta Namuria amechutama katikati ya miche huko Kakuma, mkono mmoja umezama kwenye udongo. Rael alikuwa jirani yake wa Lodwar, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Alisema mvua ilikuwa imenyesha tangu Namuria alipoondoka asubuhi, mvua hasa, si manyunyu ya kudanganya vumbi, na kwamba mashimo yote ambayo Namuria na kaka yake walikuwa wameyachimba kando ya Kawalase yalikuwa yamejaa maji pomoni.

"Kama mna miti, ileteni," Rael alisema. "Hii ardhi haitawangoja."

Namuria akainuka, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana aliyeitwa ngomani. Mvua ya Lodwar haikai kitako. Leo imelowesha, kesho imeshaaga, na jua la huko halihitaji muda mrefu kuugeuza udongo kuwa kigae. Miche ikiingia ardhini kungali majimaji, mizizi itayafuata maji yanaposhuka chini. Ikichelewa, itapandwa kwenye tanuri.

Shida ni kwamba walikuwa bado hawajakubaliana wapande nini.

Namuria alikuwa fundi seremala. Karakana yake ya mabati ilikuwa Kanamkemer, na vitanda vyake vilikuwa vimelaliwa na nusu ya mji. Lakini mbao zote zilipanda lori kutoka Kitale, na kila alipopitisha randa juu ya ubao wa saiprasi alijiuliza ni lini watu wa Lodwar wataacha kulala juu ya miti ya watu wengine. Mama yao alipofariki na kuwaachia kipande cha ardhi karibu na mto Kawalase, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu lakini chini yake hakukosi unyevu, Namuria hakufikiri mara mbili. Alitaka mukau. Mukau hukua upesi, shina lake hunyooka, ubao wake una wekundu wa kupendeza, na mchwa huukwepa.

Ila ardhi ilikuwa ya watu wawili. Lokiru, kaka yake mkubwa, alikuwa mchungaji aliyekuja mjini kwa nadra, kigoda chake cha mbao kwapani na fimbo begani, na yeye alitaka ewoi, ule mgunga wa miiba ambao maganda yake huwaokoa mbuzi ukame ukizidi. Mti usiolisha mnyama, alisema, ni nguzo tu iliyojaliwa majani. Namuria naye akamjibu kwamba hajapata kuona kitanda cha miiba. Basi walichimba wakibishana na wakabishana wakichimba, hata mashimo yakaisha na ubishi ukabaki. Mwishowe wakaamua kwenda Kakuma wote wawili, ili mmoja asije akachagua nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Mwenye kitalu aliitwa Adhar. Alikuwa ameletwa kwenye kambi ya wakimbizi kutoka Bor akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia hapohapo, akaolewa hapohapo, na nyuma ya nyumba yake alikuwa ameotesha msitu mzima ndani ya pakiti za maziwa na makopo ya mafuta ya mgao. Aliwaamkia, akawakalisha, akawapa chai yenye tangawizi kali, na hakukubali kuzungumza biashara kabla vikombe havijafika nusu. Kisha akawapa habari mbaya kabla ya nzuri. Mukau zilikuwapo, lakini hazikutosha hata nusu ya mashimo yao. Kokwa ya mukau ni ngumu kama jiwe. Huipasua moja moja kwa kisu na kipande cha ubao, huitoa mbegu bila kuijeruhi, huikwaruza ncha, huiloweka, na baada ya taabu yote hiyo nyingi huoza tu.

Namuria alihisi kama amepigwa kofi. Lokiru aligeuza uso ili tabasamu lake lisionekane, lakini mabega yalimsaliti. Namuria alikuwa amekwenda kuchutama kati ya hiyo mukau michache, akipapasa udongo wake, simu ya Rael ilipoingia.

Namuria alipowaeleza habari ya mvua, Adhar aliweka kikombe chini.

"Dada, mukau ni kidogo, siwezi kukupa ya mashimo yote," alisema. "Lakini hata ingekuwa mingi, usiweke moja tu. Weka hii, na hii, na hii. Ugonjwa ikikuja itakula moja, itaacha ingine. Njoo uone."

Akawaongoza hadi chini ya wavu wa kivuli, na hapo ndipo jambo lilipomwanzia Namuria ambalo hakulitarajia. Alikuwa amekuja kutafuta mti mmoja, na mbele yake sasa kulikuwa na safu kwa safu za miti asiyoijua ikiwa midogo hivyo. Adhar aliitaja akipita, na Namuria akaishika kwa ncha za vidole, na kila alipoushika mmoja aliona ubao wake. Mkwaju: kinu, nyundo ya mbao, mpini usiovunjika. Mkunazi: miguu ya kiti. Edome, ambao Waturkana wote hukata fimbo zake: vijiti vya mgongo wa kiti, vyepesi na visivyokatika. Mpingo: hapo alisimama, kwani katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa ameushika mpingo mara moja tu, na patasi yake ikatoka imepinda.

Lokiru aliuliza mpingo una nini cha ajabu, maana mche wenyewe ulionekana kama kijiti cha kuchokolea meno. Namuria akamwambia ni mti mzito hata ukiutia majini unazama. Lokiru akacheka. Mti gani unazama? Adhar aliingia ndani akarudi na kipande cheusi cha mwiko uliovunjika, akakitumbukiza ndooni. Kikaenda chini moja kwa moja na kugonga kitako cha ndoo. Lokiru akainama, akaingiza mkono, akakitoa, akakikagua kama mtu anayetafuta jiwe lililofichwa, akakitumbukiza tena. Kikazama tena. Alirudia hata mikono yake ikalowa hadi viwikoni, na aliponyanyua uso, Namuria aliona kitu ambacho hakuwa amekiona usoni pa kaka yake tangu wakiwa watoto.

"Huu tunauchukua," Lokiru alisema.

Kuanzia hapo hakuna aliyemshinda kwa pupa. Yeye aliyeijua miti hii ikiwa mikubwa, aliyelala chini yake na kula matunda yake, hakuwahi kuiona ikiwa michanga kiasi cha kutoshea kiganjani. Aliuinua mche wa ewoi usiozidi urefu wa kidole, akamwonyesha dada yake kwamba tayari una miiba, kwa fahari ya mjomba anayeonyesha jino la kwanza la mpwa wake. Mkwaju aliutaka yeye mwenyewe, kwa sababu mama yao alipenda uji wenye ukwaju. Alikaa juu ya kigoda chake katikati ya makopo, akachukua fimbo, akachora shamba mchangani, na ubishi ukaanza upya, lakini sasa ulikuwa ubishi wa aina nyingine, ubishi wa watu wawili wenye njaa juu ya sinia moja.

Mkwaju ukae upande wa mto, alisema Lokiru, maana unapenda maji na kivuli chake ni kipana. Namuria akakubali, na akaweka mukau katikati, kwa mistari yenye nafasi. Ewoi ikawekwa pembeni, upande wa njia ya mifugo, ili maganda yaanguke nje ya ua na mbuzi wale bila kuingia. Mkunazi na edome zikajaza mapengo. Na mpingo? Lokiru alitaka uwe mbele, uonekane. Namuria akachukua fimbo mkononi mwake na kuchora vitone kati ya mistari ya mukau. Mpingo unakua taratibu mno, alimweleza. Mukau utaukinga na jua ukiwa mchanga, na mukau utakapokatwa, mpingo utabaki na anga lote.

"Mukau tutaukata sisi," alisema. "Huu utakatwa na ambao hawajazaliwa."

Lokiru alivihesabu vile vitone kwa ncha ya kidole. Kisha akasema basi wavipande haraka, kabla hao watu hawajazaliwa.

Walipakia kwa mbio. Erupe, mwenye pikapu iliyowaleta, mazoea yake yalikuwa kubeba kreti za soda, na aliipanga miche vivyo hivyo, imesimama wima bega kwa bega, akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Adhar alitembea akizunguka gari, akibonyeza udongo wa kopo hili, akigeuza lile. Yeye hangeweza kutoka kambini siku ile bila kibali cha safari. Aliomba kitu kimoja tu, atumiwe picha, na si za watu, za miti.

Barabara ya lami ilikuwa nzuri na Erupe aliikanyaga. Upande wa Lodwar anga lilikuwa limevimba, jeusi kama sufuria ya kuni, na harufu ya udongo uliolowa iliwafikia kabla hawajaona tone. Namuria alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja bila kujua. Walipoiacha lami na kushika njia ya shambani, alikuwa tayari anaona paa la Rael ng'ambo.

Na hapo katikati, laga, korongo linalopitisha maji ya mvua tu, ilikuwa inatiririka. Mkondo ambao asubuhi ile walikuwa wameuvuka mkavu sasa ulibeba maji ya rangi ya chai ya maziwa, matawi, na ndala moja ya bluu. Erupe alizima gari. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na mvua ilikuwa imekatika, na jua lilitoka kana kwamba lilikuwa limewavizia. Namuria alipanda nyuma na kulowesha magunia kwa maji ya kunywa.

Ndipo mbuzi walipokuja. Walikuwa wa Losike, mchungaji aliyefahamiana na Lokiru tangu ujana, nao pia walikuwa wamezuiwa na maji. Mbuzi wa kwanza alinusa, wa pili akasimama kwa miguu ya nyuma, na kufumba na kufumbua walikuwa wamelizunguka gari, midomo ikivuta magunia. Lokiru aliruka chini. Yeye aliyewalilia mbuzi, aliyewatungia nyimbo, alikuwa sasa anapiga kelele na kuzungusha fimbo, akimsukuma beberu kwa paja na kumvuta mwingine pembe. Losike alikuja polepole, akasimama, akatazama kwa mshangao.

"Lokiru," alisema, "mbuzi wamekuwa adui zako tangu lini?"

"Tangu asubuhi," Lokiru alijibu, bila kugeuka.

Namuria alicheka hadi akajishika kwenye ubavu wa gari. Losike alipoelezwa kilichomo, aliomba aone. Lokiru akamfunulia gunia moja na kumtajia mti mmoja mmoja, akimwambia na ule unaozama majini, na Losike hakuamini, na Lokiru akasema hamlaumu.

Maji yaliposhuka hadi magotini, mchanga wa chini ulikuwa bado laini na Erupe akakataa kuingiza gari. Namuria hakungoja. Alikaza leso kiunoni, akajitwika sanduku la miche, akaingia. Maji yalikuwa ya baridi na yalimvuta miguu, na alikuwa anaimba kwa sauti bila kukusudia. Lokiru alimfuata na mukau mikononi kama mtu anayebeba watoto wachanga. Erupe akaja. Hatimaye Losike naye, baada ya kuwafokea mbuzi wake wakae, akajitwika makopo ya ewoi. Rael alikuwa ameshafika upande wa pili na toroli. Walikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi nyuma ya pikapu pakabaki pakavu na patupu.

Mashimo yalikuwa yamekunywa maji yake na kubaki na matope meusi yanayometameta. Walipanda kwa kasi, wakipasua pakiti, wakikata makopo, wakisindilia udongo kwa visigino na kuinua tuta la nusu mwezi upande wa chini wa kila mche ili lishike maji yajayo. Lokiru aliuzika mukau wa kwanza pamoja na pakiti yake, na Namuria akamfanya aufukue. Wa pili aliupanda vizuri, akabaki amepiga magoti hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Giza liliwakuta na mpingo bado. Waliumalizia asubuhi iliyofuata, na alasiri ile mvua ikarudi.

Si yote iliyopona. Mchwa waliila mikunazi kadhaa, na kiangazi kilichofuata kikakausha mikwaju iliyokuwa mbali zaidi na mto, na Namuria aliulilia mmoja aliokuwa akiumwagilia kwa kikombe. Ewoi zilishika karibu zote. Mpingo ulikaa vilevile, mkaidi, majani machache. Lakini mukau ilipanda kama inayoitwa juu. Kabla ya mvua za mwaka wa pili ilikuwa imempita Lokiru kimo, na yeye, kila alipofika mjini, alikwenda kwanza kusimama kando yake kabla ya kumwamkia dada yake. Picha zilikwenda Kakuma, na Adhar akajibu kwa ujumbe mrefu wa sauti uliokuwa nusu Kiswahili, nusu Kiarabu cha Juba, wote vicheko.

Asubuhi moja Namuria alikuwa anapiga randa, sikio moja likiwa kwenye redio, simu ilipolia. Alikuwa Lokiru, na nyuma yake zilisikika sauti za watu na mlio wa pikipiki. Aliuliza kama ule upande wa mawe, juu ya ua, mkwaju ungeweza kushika. Namuria akamuuliza yuko wapi.

Alikuwa Kakuma, kwa Adhar. Losike alikuwa naye. Walikuwa wamekwisha kunywa chai, na Erupe alikuwa anapakia.