Sukuma za Mtu wa Mwamba

Cleophas alikuwa amejificha ghalani tangu asubuhi, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Ya nne ilikuwa ukuta. Mkononi alishika debe la maji ya mbolea, na nje mboga zake za sukuma wiki zilikuwa zimeanza kulegea.

Mwaka huo wa sitini na tano kaka zake waligawana udongo, yeye akaachiwa mwamba. Basi akapasua mapipa, akayajaza changarawe tupu, akapanda sukuma jinsi alivyofunzwa chuo cha kilimo. Maji ya mbolea asubuhi, maji ya mbolea adhuhuri. Kumbe mama wa mchumba wake Ayuma, Musimbi wa Mukumu, alikuwa ameuliza, "Mtu wa mwamba atamlisha mwanangu nini? Mawe?"

Leo alikuja kujionea, akaketi kando ya mapipa kabisa. Na adhuhuri ilifika. Lakini mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe. Ndiyo maana shangazi Selpher alikuwa msemaji.

"Selpher, haya majani yanasinzia."

"Ni aibu tu, mama Ayuma. Yameona mgeni."

"Yanasikitisha, miguu wazi hivi! Lete jembe niyafunike na udongo kidogo."

Cleophas aliruka. Udongo? Changarawe ingeziba, mizizi ioze, na Ayuma aende zake! Akavaa gunia la mahindi kichwani mpaka kiunoni, akatoka na debe, akamkanyaga kuku.

"Shangazi, mwambie mama asitie udongo. Zina kiu tu!"

Musimbi akageuka.

"Selpher, hilo gunia linaongea?"

"Limesoma kidogo, mama."

Gunia likaelekea kwenye choo.

"Kushoto, gunia!" Musimbi akaamrisha. "Kushoto! Hapo. Mimina."

Likamimina kwenye mapipa yote matatu, likarudi ghalani likihema. Hatua tatu, tatu. Cleophas alichungulia tunduni. Jani moja likainuka. Musimbi akalisogelea. La pili likainuka, akavua kitambaa cha kichwa, akajipepea. Selpher alichuma, akapika, akaleta na obusuma, ugali wa moto. Musimbi alikula tu, na huko ghalani mtu alikuwa anatafuna kucha.

Mwishowe sahani ikakwanguliwa.

"Selpher, hebu liulize gunia. Huko nyuma ya nyumba kuna mawe mengine?"

Cleophas akapiga hatua ya nne, akagonga ukuta kwa paji la uso.