Mtama Usiotoa Masuke

Taa zilipowashwa mara ya kwanza, Anatoli ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Nguzo ya taa hizo ilisimikwa kwenye kona ya shamba lake, na kona hiyo aliitoa bure, ili mfanyabiashara aliyejenga ghala la nafaka pale pembeni ya kijiji cha Murungu aelekeze taa moja nyumbani kwa Anatoli. "Wezi wa mbuzi basi," alisema. Na kweli, mbuzi hawakuibwa tena.

Vestina, jirani yake upande wa pili wa ghala, naye alifurahi mwanzoni. Alikuwa mjane anayekaribia miaka sitini, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akaolewa huku na kupewa uraia huku. Jioni aliweza kuchambua maharage uani bila kibatari. Lakini baba yake alimfundisha kupanda mtama kwa kutazama Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo: kikichomoza mashariki jua likizama, mbegu iingie ardhini. Mwezi wa kumi na moja alisimama uani, akatazama juu, akaona weupe mtupu.

Akaenda nyuma ya ghala, shambani kwake, ambako ukuta wa ghala uliikinga taa. Huko nyota zilikuwepo. Alikuwa akizihesabu, uso juu, hatua chache kutoka mpaka wa Anatoli, pale Philomena, mke wa Anatoli, alipopita na ndoo ya maji.

"Mama Esteri, unafanya nini gizani peke yako?"

"Natazama nyota. Kesho kutwa tupande."

Philomena alicheka, akapita. Anatoli akaja kuomba mbegu, Vestina akampa, wakapanda wiki ileile.

Mvua zilinyesha vizuri. Kufika mwezi wa tano, mtama wa Vestina ulikuwa umeinamisha masuke mekundu. Wa Anatoli ulisimama mrefu kupita mtu, kijani kibichi, na kutoka ukingoni halikuonekana suke hata moja. Alikata bua, akalipasua akitafuta funza. Hakuna. Jioni ile akaenda kwa Vestina.

"Mtama wangu una nini?"

"Sijui, jirani. Hata mistari yangu ya mwisho, ile iliyopita ukuta, haijatoa. Njoo uone."

Hakwenda kuona. "Mbegu ulinipa wewe," alisema. "Wiki ni moja, mvua ni moja. Mavuno yangu yamekwenda wapi?"

Baada ya siku chache kijiji kizima kilikuwa na jibu: chuma ulete. Vestina amevuta mazao ya mwenzake. Wakaitwa kamchape, wale vijana wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi. Walichimba ndani kwake mchana kutwa, na kiza kilipoingia wakatoka na pembe ya mbuzi iliyofungwa kitambaa, kitu ambacho Vestina hakuwahi kukiona. Watu walikusanyika chini ya nguzo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na mwanga.

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Philomena. "Usiku, mpakani kwetu, midomo inacheza."

"Nilikuwa nahesabu nyota. Nilikwambia siku ileile."

"Nyota zipi?" mtu akauliza.

Watu wakatazama juu. Pale chini ya taa hapakuonekana hata moja.

Walianza na migomba yake, wakaifyeka. Kisha wakapanda juu ya nyumba, wakang'oa bati. Mwanamke mmoja ambaye Vestina alimsaidia kujifungua watoto wawili alisema, "Nyie Warundi hamuachi mambo yenu." Hilo ndilo lililomtoa machozi, si bati. Alfajiri alipanda gari la Kasulu na mafurushi mawili, akaenda kwa binti yake Esteri. Mtama wake ulibaki shambani. Anatoli aliuvuna, akisema ni vibaya chakula kuoza.

Rabia, afisa kilimo wa kata, mwenyeji wa Tanga, alikuwa likizo ya uzazi mambo hayo yakitendeka. Aliporudi, mtama wa Anatoli ulikuwa bado umesimama na ukijani wake. Alitembea ndani yake mpaka akakuta jambo: nyuma ya kibanda cha mlinzi wa ghala palikuwa na mstari mwembamba wenye masuke yaliyokomaa kabisa. Akamwita Anatoli, wakasubiri jioni. Taa zikawaka. Kivuli cha kibanda kikalala juu ya mstari ule, mwanzo hadi mwisho. Akampeleka hadi kwenye mistari ya mwisho ya Vestina, ile iliyokuwa nje ya kivuli cha ukuta. Mabua matupu.

Kwenye mkutano wa kijiji Rabia alisimama. "Mtama huu wa kienyeji hupima urefu wa usiku," alisema. "Taa zikiwaka mpaka asubuhi, kwake usiku haujafika, hauwezi kutoa masuke. Hakuna aliyeroga."

Wachache waliguna. Mwenyekiti, Felisiani, alimshukuru mtaalamu, akasoma ajenda inayofuata. Rabia alimfuata Anatoli njiani.

"Mzee, kivuli umekiona mwenyewe."

"Nimekiona."

"Basi ungesimama useme."

"Nikisema sisi ndio tuliokosa, watabomoa nyumba ya nani safari hii?" Akaendelea kutembea. Kisha akageuka. "Sasa pale kwenye mwanga nipande nini?"

"Panda muhogo," alisema Rabia, na papo hapo akajuta kumjibu.

Msimamizi wa ghala, alipoombwa na Rabia, alikataa kuzifunika taa. Jumamosi Rabia alisafiri hadi Kasulu. Alimkuta Vestina nyuma ya nyumba ya Esteri, anamenya muhogo, amekonda. Akamweleza yote. Vestina alisikiliza bila kuachia kisu.

"Kwa hiyo ilikuwa taa."

"Ilikuwa taa, mama."

"Kuna siku nilijiuliza kama nimeroga bila kujua," alisema Vestina polepole. "Mtu akiambiwa na kijiji kizima, anaanza kujichunguza. Hayo umeyasema mbele yao?"

"Nimeyasema."

"Anatoli alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alinyamaza."

Vestina alichukua muhogo mwingine. Rabia akamwambia anaweza kuandika barua wilayani, haki yake ya shamba ipo, anaweza kurudi.

"Taa haikuniita mchawi, mwana wanje, mwanangu. Waliniita watu, na watu wale wapo." Akamsogezea kigoda. "Kaa unywe uji, umetoka mbali."

Barua Rabia aliiandika hata hivyo. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na kabla haijajibiwa alihamishiwa wilaya nyingine.

Msimu uliofuata, Anatoli alipanda muhogo chini ya nguzo. Mtama wake aliupanda nyuma ya ukuta, kwenye shamba la Vestina, akavuna magunia saba.