Geti la Makenke

Boda ilishaondoka, Perpétue bado kasimama ng'ambo ya barabara, furushi la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akilitazama geti la kambi ya jeshi ya Makenke. Hatua thelathini tu. Ndani mlikuwa na mjukuu wake wa kwanza, wa miezi minne, ambaye hajamshika hata mara moja. Binti yake Belyse aliolewa na mwanajeshi wa Uganda, na Perpétue, tangu vita vya Kivu ya Kusini alikokimbia, akiona gwanda miguu hukimbia kabla yeye hajaamua.

Huko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi anakoishi, ilikuwa aibu tupu. Ili asipite mbele ya polisi alizunguka kilima kizima, akafika sokoni majani yake ya muhogo yamenyauka na wanunuzi wameenda zao. Constantin, mshauri wa kituo cha afya, hakumwambia aache kuogopa. Alimpa daftari: aandike anachodhani kitatokea, aende, kisha aandike kilichotokea. Wiki sita akapita mbele ya polisi, na wiki sita hakuna aliyemkamata. Hata salamu hawakumpa, mama mzima akaudhika kidogo.

Akavuka. Mwanajeshi mwanamke akatoka getini, akamjia moja kwa moja. Perpétue akaganda. Yule akafika mbele yake, akapiga magoti kwenye changarawe.

"Karibu mama. Mimi Shanitah, jirani ya Belyse. Yeye ananyonyesha, amesema nikuje nikuchukue."

Kwao Masaka ndivyo binti anavyomwamkia mama wa mwenzake, gwanda au si gwanda. Perpétue hakulijua hilo. Mara ya mwisho alipoona gwanda na magoti pamoja, aliyepiga magoti alikuwa mumewe, na hakuinuka tena. Kichwa kikawa kitupu kabisa. Magoti yake mwenyewe yakakunjika, akajikuta chini, uso kwa uso na yule binti, sombe imetawanyika kati yao.

"Hapana, mama, wewe simama," Shanitah akasema, naye ameshtuka vibaya. "Mimi ndiyo napiga magoti kwa wewe."

"Simama weye kwanza, mtoto yangu," Perpétue akasema. "Nione unasimama."

Shanitah akasimama. Perpétue alimtazama akiinuka, magoti yenye vumbi, mkanda, mabega, mpaka kofia, na alipokuwa amesimama wima kabisa akaendelea kumtazama. Kisha akaushika mkono wa lile gwanda, akajivuta juu, akauliza nyumba ya mtoto ni ipi.