Mguu Uliosimama Kwenye Koki

Beseni la plastiki lilikwaruza sakafu nyuma ya mlango wa jikoni. Nje bado giza, na mke wa mpiga mbizi alikuwa macho, maana ndiyo saa yake ya kubandika chai. Kwanza alidhani ni panya. Kisha akasikia maji yakivurugwa, na kisigino kikisuguliwa ukingoni, kru, kru, kru, kama anavyojisugua mtu aliyekatazwa tangu wiki ya harusi kuingia ndani na mchanga.

Akamgusa mumewe begani.

"Baba Chiriku, mguu wako umerudi."

"Uko peke yake?"

"Uko peke yake."

"Basi uingize ndani, usije ukapigwa na baridi," akasema mumewe, akageukia ukutani. Alikuwa ametoka hospitali juzi tu, na usingizi wake ulikuwa bado wa dawa.

Ulikuwa mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Papa aliuchukua mpiga mbizi akiwa kazini, na sasa ulikuwa umesimama ndani ya beseni, umepauka kidogo kwa chumvi, kucha zimekua. Mke aliukausha kwa kitambaa, vidole vyote, hata katikati ya vidole. Akatafuta wembe, akaukata kucha. "Pole na safari," akauambia. Mguu ukachezesha kidole gumba.

Kulipopambazuka mpiga mbizi aliketi kitandani akaujaribu, kama mtu anavyojaribu kiatu cha zamani. Haukushika.

"Basi," akasema. "Kila mmoja ameshazoea kwake."

Chiriku, binti yao wa miaka minne, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, aliuliza kama mguu unakunywa chai. Akaambiwa haunywi. Akauliza kama unasikia. Akaambiwa auulize wenyewe. Alipoinama kuuliza, mguu ulikuwa umeshatoka mlangoni, unarukaruka kushika njia ya kiwandani, na kwa vile ilikuwa saa ya kwenda kazini, watu njiani waliupisha tu.

Kiwanda hicho cha samaki kilikuwa na mabomba mawili yaliyoingia baharini. Moja lilivuta maji ya kupoozea mitambo. Mdomo wake uliziba kila mara kwa mwani na kome, na kazi ya mpiga mbizi ilikuwa kushuka na kikwaruzo chake kuuzibua. La pili lilitoa maji ya sakafuni, yaani damu, magamba na matumbo. Waliojenga waliyalaza bega kwa bega ili kuokoa saruji. Kwa hiyo koki ya bomba la pili haikutakiwa kufunguliwa mtu akiwa chini, kwa sababu damu ikimwagika baharini, wa kuja atakuja.

Kufuli la koki halikuwepo. Badala yake mpiga mbizi alikuwa akivua shati lake na kulitundika kwenye usukani wa koki, lile gurudumu la kuifungulia, na kiwanda kizima kilijua: shati lipo, mtu yuko majini.

Siku ile ya papa walitarajiwa wageni. Meneja alisema kila kitu kiwe nadhifu. Mfagizi, mama wa watu asiye na ubaya na yeyote, aliliona shati limening'inia, akalikung'uta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Alikuwa mgeni kazini na hakuna aliyemweleza. Mtu wa zamu akaja, akakuta usukani mtupu, akafungua. Papa hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mbali huko na shughuli zake. Harufu ikamfikia, akaifuata mpaka mdomoni mwa bomba, na mbele yake kukawa na mguu unaotikisika.

"Mimi simlaumu," mpiga mbizi aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Ukimwita mtu kwa harufu ya chakula, usimgombeze akinawa mikono."

Siku hiyohiyo mguu uliporudi, jioni, msimamizi wa kiwanda alikuja na sukari na mche wa sabuni. Akakaribishwa kiti.

"Pole sana, ndugu yangu. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

"Hii ina kinga, shemeji," akasema mke kutoka jikoni. "Inaitwa kufuli."

"Limeagizwa, shemeji. Liliagizwa hata kabla ya ajali." Msimamizi akanywa chai. "Ila nimekuja na jingine. Mguu wake umeripoti kazini leo. Umepanda juu ya koki, umesimama. Mtu wa zamu alipotaka kufungua wakati kibarua yuko majini anapima kina, umempiga teke la mkono."

"Ndivyo ulivyo," akasema mke. "Hata hapa nyumbani ulikuwa hausemeki."

"Sisi hatuna neno, tumeupangia zamu. Na wewe ndugu yangu ukipona, karibu. Bomba limeanza kuziba. Na majini, tuseme kweli, mguu mmoja unatosha. Kwani samaki ana mingapi?"

Wanaume wakacheka. Mke hakucheka. Msimamizi alipoondoka, alimwambia mumewe atafute kazi nyingine, ya nchi kavu.

"Ipi, mama? Ningejua kushona ningekuwa fundi cherehani. Mimi najua bomba."

Aliyasema taratibu, bila ubishi, na mke akaona kuwa ni kweli. Basi akapunguza matakwa yake mpaka yakabaki na moja tu: kila mumewe akishuka, apande.

Kidonda kikafunga. Wakawa wanakwenda kazini pamoja, mpiga mbizi mbele na magongo yake, mguu nyuma, kama ndugu waliogombana juu ya urithi. Kiwanda kiliupa mguu buti la mpira. Buti la pili likarudishwa stoo. Yeye akizama, mguu ulipanda kwenye usukani ukasimama wima, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Na kwa kuwa koki sasa ilikuwa na mlinzi, agizo la kufuli likafutwa.

Mke alianza kulala vizuri. Akaanza hata kuimba akifua.

Alikuwa anafua hivyo, mikono imo ndani ya povu, Chiriku alipotokea uani.

"Mama, mbona mguu haujaenda kazini?"

Kweli, ulikuwa ndani umesimama nyuma ya mlango na buti lake, unaupiga ubao kwa ncha, tap, tap.

"Baba amesema upumzike," Chiriku akaendelea. "Msimamizi amesema si kwa ubaya. Amesema leo wageni wanakuja, na wageni wana macho."

Mikono ya mama ikasimama ndani ya povu.

Hakujifuta. Aliuviringisha mguu kwenye taulo, akaubana kwapani, akamshika mtoto mkono, akatoka na nguo yake ya kufulia. Mguu haukufurukuta. Ulielekeza ncha ya buti mbele njia nzima.

Getini mlinzi alisimama. "Dada yangu, leo hapapitiki. Wageni."

"Namleta mfanyakazi wenu. Amechelewa."

Mlinzi akafunua taulo kidogo, akaliona buti. "Huyu namjua. Apite. Na wewe mpitishe, maana hana mikono."

Kwenye koki usukani ulikuwa mtupu. Shati lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa, kola imeangalia juu. Safari hii halikukunjwa na mfagizi. Mfagizi alikuwa amesimama kando na ufagio wake, machozi yanamtoka, akasema, "Nimewaambia, dada. Wamesema nilitundike baada ya wageni." Mama akaupandisha mguu juu ya usukani. Ukajinyoosha. Naye akaketi chini, mgongo kwenye bomba, Chiriku mapajani.

Wageni walikuja na makoti meupe. Mmoja akausogelea mguu, akalitazama buti.

"Na huu?"

"Huo ni usalama wetu kazini," meneja akajibu.

"Vizuri. Umevaa vifaa vya kujikinga. Kufuli je?"

"Linaagizwa."

Mgeni akatikisa kichwa kukubali, akamsalimia mama, na wote wakapita kwenda kuona chumba cha barafu.

Mtu wa zamu akatokea, mabuti yake yamo ndani ya maji mekundu yaliyokuwa yakipanda sakafuni. Akaweka mkono kwenye usukani, taratibu, kando ya kisigino.

"Shemeji, sakafu imejaa. Kwani tunangoja nini hapa?"

 Chiriku akainua uso, akamtazama mtu wa zamu.

"Baba yuko chini ya maji."